"Wa kwetu ni wale waliofungwa": kisa cha baba mdogo, Yanga na Ihefu

Jioni ya Jumanne, tarehe 29 Novemba 2022, baba mdogo alirudi nyumbani kutoka Uwanja wa Highland Estates akiwa ameivua jezi yake na kuikunja kwapani. Hakumsalimia mtu. Alichota maji akanawa miguu, akakaa kwenye kigoda nje ya jiko, na nilipomsogelea nikaona macho yamemwiva. Haukupita muda akaingia mdogo wangu, mwanawe wa kuzaa, wakati ule yuko kidato cha pili, sauti imemkauka kwa kushangilia. Walitoka uwanja mmoja, walitazama mechi moja. Ihefu, timu ya hapohapo Ubaruku, ilikuwa imeifunga Yanga mabao 2-1 na kuukata mfululizo wa mechi 49 za ligi ambazo Yanga haikuwa imepoteza tangu Aprili 2021, ilipofungwa na Azam.

Mtoto alikuwa harusini, baba mtu alikuwa msibani.

Mimi ni mtu wa Mbeya mjini na timu yangu ni Mbeya City, kwa hiyo sikujizuia. Nilimuuliza: "Baba, hawa walioshinda leo si ndio wa kwetu?" Akanijibu bila kuinua uso: "Mwanangu, wa kwetu ni wale waliofungwa."

Jibu lile lilinikera. Niliona ni usaliti, mzee mzima kulilia timu ya Kariakoo iliyo umbali wa kilomita kama 700, siku ambayo kijiji chake kimeandikwa kwenye magazeti yote ya michezo nchini. Imenichukua miaka kuelewa alichokuwa anasema, na sasa naamini alikuwa na haki zaidi yangu. Ndiyo sababu nataka kukichambua kisa hiki taratibu, maana watu kama baba mdogo wamejaa Mwanza, Tanga, Songea na Kigoma, na kila mara wanatukanwa kwa maneno yaleyale niliyokuwa nayo mdomoni jioni ile.

Nianze na mahali penyewe. Ubaruku iko wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, kwenye bonde la Usangu. Ukiiacha barabara kuu ya kwenda Zambia na kuingia ndani kupitia Rujewa, ni mpunga kushoto na mpunga kulia. Kilimo cha kumwagilia bondeni humu kilianzishwa na Wabaluchi waliohamia Usangu enzi za ukoloni. Miaka ya sabini serikali, kwa msaada wa China, ikafungua shamba kubwa la mpunga lililokuwa chini ya NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula, ambalo baadaye liliuzwa na kuwa Highland Estates. Uwanja umechukua jina la shamba. Timu nayo ilichukua jina la bonde oevu la Ihefu, linaloulisha mto Ruaha Mkuu, na mashabiki wakaiita Mbogo Maji. Jina zuri kuliko hilo kwa timu ya huku sijalisikia.

Kwa mfumo huo wa mashamba, Ubaruku ni mji wa wahamiaji. Wasangu ndio wenyeji, lakini ukisimama sokoni utasikia Kinyakyusa, Kibena, Kikinga, Kihehe na Kisukuma kabla hujamaliza kununua fungu la nyanya. Baba mdogo mwenyewe alizaliwa Rungwe mwaka 1968, akaja hapa kijana kufanya kibarua shambani, akapata majaruba yake mawili matatu, akaoa, akajenga. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "timu ya kwenu" inabidi umfafanulie kwenu ni wapi. Wazazi wake wamezikwa Rungwe. Mpunga wake uko Usangu. Kitu alichokibeba kutoka kule hadi huku, kikakaa vilevile bila kubadilika, ni Yanga.

Aliipataje Yanga huko Rungwe? Kwa redio. Anasimulia hivi: babu alikuwa na redio moja, na betri zikianza kufa zinaanikwa juani juu ya bati tangu Ijumaa ili Jumamosi zipate nguvu ya kumaliza dakika tisini. Watoto walikatazwa kuigusa. Watu wanakuja kutoka nyumba za jirani, wanakaa chini kwenye nyasi, na sauti za watangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam, kina Ahmed Jongo na wenzake, zinawapeleka Uwanja wa Taifa ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona. Redio ilikuwa moja Bara nzima. Vituo binafsi havikuja mpaka miaka ya tisini, na televisheni ya taifa Bara ilianza mwaka 2000. Mtoto wa Rungwe angeisikia mechi ya Tukuyu lini? Redio ilikuwa Dar, uwanja mkubwa ulikuwa Dar, timu mbili zilizozaliwa 1935 na 1936, Yanga na Simba, zilikuwa Dar. Yanga ilikuwa imetoka kuchukua ubingwa mara tano mfululizo, 1968 hadi 1972, na babu alikuwa Yanga. Kwa hiyo jina la kwanza la mchezaji ambalo baba mdogo alilijua kichwani lilikuwa la mtu wa Jangwani, makao ya Yanga, na alilisikia akiwa ameegemea goti la baba yake. Ukimwambia aiache Yanga, unamwambia ainuke kwenye lile goti.

Hapa wengi huishia. Husema ni redio, ni mazoea, ni kurithi. Kuna jambo baba mdogo hakunisimulia mpaka mwaka jana, tukiwa tunapalilia, na ndilo lililonigeuza mimi.

Mwaka 1986 Tukuyu Stars walipanda daraja na mwaka uleule wakachukua ubingwa wa Tanzania Bara. Baba mdogo alikuwa na miaka 18, na Tukuyu ndiko kwao kabisa. "Mwaka ule," aliniambia, "Yanga niliiacha nje ya mlango." Alitembea kwa miguu kwenda kuwapokea. Aliimba mpaka akalazwa na mafua. Wachezaji wale aliwajua kwa sura, wengine kwa koo zao. Tangu ligi ya taifa ianze 1965, ubingwa wa Bara umetoka nje ya Dar es Salaam mara chache mno: Mseto ya Morogoro 1975, Tukuyu Stars 1986, Coastal Union ya Tanga 1988, Mtibwa Sugar 1999 na 2000. Yeye alikuwapo kwenye mmojawapo.

Kisha Tukuyu Stars ikafifia. Wachezaji wakachukuliwa, timu ikashuka, ikapotelea madaraja ya chini, na kijana aliyekuwa ameiweka Yanga nje ya mlango akabaki nyumba tupu. "Nikaenda kuifungulia," alisema. Hakucheka aliposema hivyo, nami sikucheka.

Kwa hiyo yule mzee niliyedhani hajawahi kuipenda timu ya nyumbani alikuwa ameshaipenda kwa moyo wote kabla mimi sijazaliwa. Alichokuwa anafanya Ubaruku siku ile ni kukataa kurudia.

Hoja inayosemwa sana dhidi ya watu wa aina yake ni kwamba wanafuata makombe. Sikubaliani nayo, na ninao ushahidi wa nyumbani. Kati ya msimu wa 2017/18 na 2020/21 Simba ilichukua ubingwa mara nne mfululizo. Katikati ya miaka hiyo Yanga ilifilisika mpaka ikatembeza bakuli. Kocha Mwinyi Zahera alisimama mwenyewe kuwaomba wanachama michango, na watu walituma kwa simu elfu moja, elfu mbili, tano. Baba mdogo alituma shilingi 5,000 mara tatu. Ulikuwa mwezi wa kununua mbolea, na mama mdogo alimnunia wiki nzima. Anayefuata makombe angekuwa ameshavaa nyekundu ya Simba zamani. Tena siku ile ya Novemba alikuwa na kombe la bure kabisa mlangoni kwake, ushindi wa kihistoria wa timu ya kijiji anachoishi, na aliupisha.

Tuirudie mechi yenyewe, kwa sababu mimi pia nilikuwapo na kuna kitu nilikiona bila kukielewa. Yannick Bangala aliifungia Yanga mapema. Nusu ya uwanja ikalipuka, na hiyo nusu haikuja kwa mabasi kutoka Dar. Walikuwa ni watu wa Ubaruku, wa Rujewa, wa Chimala na Igurusi. Never Tigere akasawazisha. Kipindi cha pili Lenny Kissu akafunga la pili, na nusu ya pili ya uwanja ikalipuka kwa zamu yake. Nikasema moyoni, hawa ndio wazalendo wa kweli. Nikawatazama vizuri. Mbele yangu alikuwa fundi baiskeli, jirani wa baba mdogo, ambaye bendera ya Simba haijawahi kushushwa kwenye kibanda chake. Pembeni yake wauza mchele wawili, Simba. Nyuma yao kundi zima la kijiwe cha bodaboda cha stendi, Simba watupu. Walikuwa wanaishangilia Ihefu kwa sababu ya utani wa jadi wa Simba na Yanga, na kelele zao hazikuwa na uhusiano wowote na mpunga wa Usangu.

Simba ilipokuja Aprili 2023 mambo yakageuka kichwa chini miguu juu. Fundi baiskeli alivaa nyekundu yake, na baba mdogo, amini usiamini, aliishangilia Ihefu mpaka mwisho, ingawa Simba ilishinda. Ubaruku haikugawanyika kamwe kati ya Ubaruku na Dar. Iligawanyika kati ya Yanga na Simba, na timu ya nyumbani ikawa koti la kuazimana, linavaliwa na huyu leo na yule mwezi ujao. Watu waliokuwa Ihefu katika mechi zote, dhidi ya Yanga, dhidi ya Simba, na dhidi ya timu ya jeshi inayokuja Jumatano mchana jua likiwaka, walikuwa wachache. Wengi wao walikuwa na umri wa mdogo wangu.

Nimejiuliza kwa nini wao. Jibu ninaloliona ni kwamba kile redio ilichomfanyia baba, televisheni imemfanyia mtoto kwa kinyume chake. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi kuonyesha ligi, na tangu hapo hata mechi ya timu mbili za mkiani inaonekana. Mdogo wangu aliuona uwanja wa kwao kwenye skrini ya kibanda cha kuonyeshea mpira. Aliiona ile miti nyuma ya goli, akamwona mwanafunzi mwenzake anaokota mipira, akamsikia mtangazaji wa Dar akilitamka neno "Ubaruku" kwa uangalifu. Hiyo ni mara ya kwanza katika familia yetu mtoto anajifunza kwamba mpira unaweza kuwa unachezwa kwao na watu wa mbali ndio wanaosikiliza.

Nilitaka sana habari iendelee kutoka hapo. Tarehe 4 Oktoba 2023 Ihefu iliifunga Yanga tena, 2-1 tena, uwanja uleule. Mdogo wangu alinipigia simu nikasikia vuvuzela tu. Niliamini kwamba baada ya miaka kumi tutakuwa na kizazi kizima cha Mbarali ambacho Yanga na Simba kwao ni wageni wanaokuja kufungwa.

Msimu uleule, kabla haujaisha, Ihefu ilihamia Singida. Mechi za nyumbani zikaanza kuchezwa Uwanja wa Liti. Katikati ya 2024 jina nalo likabadilishwa, ikawa Singida Black Stars. Mbogo Maji ikaondoka Usangu kama ng'ombe wanavyohamishwa, bila mtu wa Ubaruku kupiga kura. Timu ileile ilimaliza ya nne msimu wa 2024/25, ikaenda kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa watu wa Singida nafurahi, wana njaa ya mpira kama sisi na nao walishapoteza timu kabla ya hapo. Hata iliyokuwa Singida Fountain Gate ilihamishwa ikaenda kucheza kwingine, ikaitwa Fountain Gate tu. Mwenye timu akiwa na karatasi, mji hauna la kusema.

Ninapotaka kila anayewatukana mashabiki wa mikoani asimame ni hapa, maana kiini cha kisa kiko kwenye umiliki. Timu nyingi za mikoani ni mali ya kampuni, halmashauri, jeshi, magereza au mtu binafsi. Kuna nyakati zinafanya kazi nzuri sana. Mbeya City yangu ilianzishwa na Halmashauri ya Jiji mwaka 2011, ikapanda 2013, na katika msimu wa kwanza chini ya Juma Mwambusi ikamaliza ya tatu. Uwanja wa Sokoine ulijaa zambarau, rangi yetu. Tulisafiri na timu kwa malori. Mwaka ule watu wa Mbeya walithibitisha kwamba hawana ugonjwa wowote wa kutoipenda timu yao. Lakini mwaka 2015 Deus Kaseke akaenda Yanga, Mwambusi naye akafuata kuwa kocha msaidizi kulekule, na mwaka 2023 tukashuka daraja. Tumerudi Ligi Kuu msimu wa 2025/26, nami nimerudi uwanjani. Wenzangu wengi wa lori lile walishajaa Jangwani kwa Yanga na Msimbazi kwa Simba, na siwezi kuwalaumu. Waliwafuata walewale waliowapenda.

Sasa linganisha na Yanga. Mwaka 1976 ilipasuka kwa ugomvi, waliotoka wakaunda Pan African, wakachukua hadi ubingwa mwaka 1982. Yanga ilibaki Jangwani. Imepita kwenye madeni, migogoro ya uongozi na bakuli, na ikabaki Jangwani. Inapoingia kwenye mfumo wa uwekezaji, kanuni za nchi zinataka asilimia 51 zibaki kwa wanachama na mwekezaji asizidi 49. Baba mdogo ana kadi. Tawi lao pale Ubaruku lina benchi tatu, bendera, na daftari la michango ya misiba, na alipofiwa na mama yake mwaka 2017 tawi lilikodi gari la kwenda Rungwe kuzika. Timu ya kilomita 700 ilimzikia mama. Ile ya mita 800 kutoka kwake haikuwa na hata ofisi ambayo angeweza kwenda kuandikisha jina.

Ndipo nikaelewa "wa kwetu" kwa maana aliyoikusudia. Kwake neno hilo halipimwi kwa umbali. Wa kwetu ni wale ambao ukiamka kesho utawakuta.

Bado kuna jambo linaniuma, na sitalificha kwa sababu ya kumpenda baba mdogo. Timu ya mkoani haihamishwi kirahisi ikiwa na watu elfu kumi wenye kadi, wanaolipa ada na kujaza uwanja hata siku ya mechi isiyo na jina. Inahamishika kwa sababu haina wenyewe. Nayo haina wenyewe kwa sababu watu wanajua inahamishika. Baba mdogo na wenzake wana sababu nzuri, na sababu yao nzuri ni sehemu ya kilichoiondoa Ihefu. Nilimwambia hivyo siku ile tukipalilia. Alinyamaza muda mrefu, akang'oa magugu mpaka mwisho wa jaruba, akageuka. "Walituletea kadi lini tukazikataa?" Sikuwa na jibu. Halmashauri, kampuni na matajiri wanaoanzisha timu mikoani wanaomba watu waje na sauti zao, na mara chache sana nimeona wakifungua daftari la wanachama. Kama kuna mahali pa kuanzia, mimi ningeanzia na daftari hilo, kabla ya jezi na kabla ya kocha.

Mara ya mwisho nilipokuwa Ubaruku, Yanga ilikuwa inacheza na Singida Black Stars. Tulikaa sebuleni, baba mdogo na jezi yake, mimi na chai yangu. Mdogo wangu, sasa kijana aliyeota ndevu, alikuwa amesimama mlangoni wakati timu zinatoka kwenye korido kuingia uwanjani. Ile jezi ya Ihefu aliyokuwa nayo kidato cha pili haimtoshi tena, na haiuzwi popote.

Baba mdogo alimuuliza kwa upole: "Leo upo wapi, mwanangu?"

"Sipo popote, baba," akasema, akatoka nje.

Simba na Yanga wa nyumba ile hutaniana kwa jambo lolote, hata chumvi ikizidi kwenye mboga. Safari hii baba mdogo hakutania. Alichukua rimoti akapunguza sauti mpaka ikawa haisikiki, na dakika arobaini na tano za kwanza tulizitazama hivyo.